VITU VIANGUKAVYO KUTOKA JUU

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kuchapishwa hapa kwa ombi la Halmashauri



Halmashauri ya Chama imenitaka niseme mbele yenu juu ya kazi niliyoifanya kwa muda mrefu, yaani kazi ya kufunga na kuinua mizigo, kwanza bandarini na baadaye katika vyombo vya baharini. Nimekubali kwa furaha. Nasema kwa Kiswahili, kwa maana katika ukumbi huu wamo Wajaluo, wamo Wasuba wa Rusinga na Mfangano, wamo Wakuria kutoka Kehancha, na wamo Waluhya waliooana nasi. Wala si haki mmoja wao arudi nyumbani akiwa amesikia nusu ya maneno.

Habari niliyopewa ni hii: namna ya kuzuia vitu visianguke kutoka juu na kuwapiga watu walio chini. Najua wako wazee watakaosema moyoni kwamba hilo ni jambo la wageni wenye meli za mafuta, nasi tuna mahindi, miwa na samaki wa kututosha. Kwa heshima, nawaomba wafungue ukurasa wa hesabu katika kitabu hiki, watazame fungu la kusafirisha maiti. Fedha zile ni zenu. Kila mara tunapolipa gari kutoka Mombasa hata Homa Bay au Migori, tunauliza marehemu alikuwa mwana wa nani na atazikwa lini; ni mara chache kuuliza ni kitu gani kilichompiga, na kwa nini kitu kile kilikuwa huru kuanguka.

Watu wa Nyanza ya Kusini hawakuanza jana kufanya kazi chini ya mizigo inayoning'inia. Tangu zamani za ukoloni walitoka pande hizi wakaenda Kilindini kuwa makuli. Katika mgomo wa makuli wa Mombasa wa Machi 1955, mmoja wa waliosimama kati ya wafanya kazi na waajiri hata jambo likapatanishwa alikuwa Tom Mboya, mwana wa Rusinga, ambaye kaburi lake liko ng'ambo ya daraja la Mbita, nanyi nyote mwalijua. Shabaha ya mgomo ule ilikuwa mishahara. Ilikuwa haki yao kuanza na mishahara; lakini mshahara haumfai mtu ambaye winchi imemwangushia gunia.

Tangu siku zile kazi imesogea mbele zaidi ndani ya maji. Mwaka 2012 meli ya kuchimba ilitoboa kisima kiitwacho Mbawa katika bahari ya Kenya, na mwaka 2014 kikafuata kile cha Sunbird. Meli zilipomaliza ziliondoka. Lakini gati jipya la mafuta la Kipevu, lililozinduliwa mwaka 2022, limejengwa ndani ya maji ya bandari, mbali na ukingo, nalo laweza kupokea meli kubwa nne kwa wakati mmoja. Mahali kama pale pana milingoti ya taa, mabomba, ngazi, kreni na mikono mirefu ya chuma ya kupitishia mafuta. Na vyote hivyo viko juu ya vichwa vya watu. Wengine katika vijana wetu wamevuka mpaka Ghuba, ambako kazi za namna hii ni nyingi kuliko kwetu. Na hata hapa nyumbani, daraja la Mbita, lililochukua mahali pa lile tuta la zamani, lilijengwa na watu waliosimama juu ya maji, na wengine wakiwa juu ya vichwa vyao.

Sasa nieleze vitu vyenyewe.

Mafundi wa baharini huvigawa vitu viangukavyo kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kitu kilichoanguka chenyewe, hakuna aliyekigusa. Taa iliyofungwa juu ya mlingoti miaka mingi, bolti zake zimeliwa na kutu, au nati zake zimelegezwa na mtetemo wa mitambo, siku moja huachilia. Namna ya pili ni kitu kilichoangushwa na tendo: fundi amepokonywa nyundo na mkono wenye jasho, au mzigo uliokuwa unainuliwa umegonga ngazi na kung'oa kipande, au upepo umechukua ubao. Wengi wetu huijua hii ya pili tu, kwa kuwa ina mtu wa kulaumiwa. Ile ya kwanza haina mtu, na kwa hiyo watu huiita bahati mbaya, au kazi ya Mungu. Mimi naamini Mungu kama ninyi. Lakini bolti iliyooza haikuoza usiku mmoja. Ilikuwa ikioza kila siku mbele ya macho ya watu waliopewa mshahara wa kuitazama.

Hapa nataka wazee waniwie radhi nitie neno juu ya chumvi. Sisi tuliozaliwa kando ya Nam Lolwe tumezoea chuma cha maji matamu. Msumari wa mtumbwi hukaa miaka. Kijana atokapo Karungu au Kendu Bay akafika Kilindini, huitazama bolti yenye kutu kidogo kwa nje akasema, hii bado ina nguvu. Hajui kwamba hewa ya bahari huingia ndani ya uzi wa bolti na kula pale ambapo jicho halifiki. Tena chuma cha namna mbili kikifungwa pamoja na chumvi ikaingia katikati, kimoja humla mwenzake upesi sana. Bano la alumini lililokazwa kwa bolti ya chuma kisichoshika kutu laweza kuliwa likawa unga, na ile bolti ikabaki inang'aa kama siku ilipotoka dukani. Kwa hiyo mng'ao wa bolti si ushahidi wa kitu. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo ningependa kila kijana wa kwetu aambiwe kabla hajapanda basi la Mombasa.

Tuje kwenye nguvu ya kitu kinachoanguka. Nguvu ya pigo hupimwa kwa juli. Chukua mayai mawili ya kuku wa kienyeji, uyainue kutoka sakafuni hata kiunoni: nguvu uliyoitumia ni kama juli moja. Katika kazi za mafuta, wengi hushika kipimo cha juli 40 kuwa ndipo pigo laweza kuua. Je, kitu cha namna gani huleta juli 40? Bolti yenye gramu 100, yaani uzito wa mayai yale mawili, ikianguka kutoka mita 45 huleta juli 44. Mnara wa kuchimbia mafuta hupita kimo hicho. Kwa hiyo bolti ambayo mtoto aweza kuichezea mkononi yatosha kumfanya mama yake mtoto huyo kuwa mjane. Spana ya kilo moja ikianguka kutoka mita 20, husafiri muda wa sekunde mbili, hufika chini kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 70 kwa saa, na hupiga kwa juli 196. Sekunde mbili ni muda wa kutaja jina la mtu na la baba yake. Nimewahi kusikia mnyapara akisema, "Tutawapigia kelele wakimbie." Akipiga kelele, aliye chini hufanya nini? Huinua uso kutazama.

Na kofia ngumu je? Swali hili huulizwa kila mara, nami nitalijibu kwa namba. Kofia za kazi zinazofuata kipimo cha Ulaya hujaribiwa kwa kuangushiwa chuma cha kilo 5 kutoka kimo cha mita moja. Pigo hilo ni juli 49. Ile spana ya mita 20 ni mara nne ya pigo hilo. Sisemi watu wasivae kofia. Asiyevaa ni mpumbavu, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlazimu mwajiri kuitoa pasipo kumkata mfanya kazi hata senti. Lakini naona waajiri wengi waipenda kofia kupita kiasi, kwa sababu ni rahisi kununua na hupendeza katika picha. Kofia huja mwishoni, baada ya mambo mengine yote kushindwa. Mkuu wa kazi akiwaonyesha kofia tu, mwulizeni zilizo juu zimefungwa kwa nini.

Mwaka 1999 wenye visima vya Bahari ya Kaskazini, ile iliyo kati ya Uingereza na Norwei, walianzisha umoja unaoitwa DROPS kwa jambo hili moja tu. Waliona kwamba kila kampuni ilikuwa ikijifunza kwa damu ya watu wake yenyewe na kunyamaza. Mafunzo waliyoyakusanya si ya uchawi wala si ya gharama kubwa. Mengine yalijulikana na mabaharia wa merikebu za tanga, ambao hawakupanda mlingoti bila kisu kufungwa kamba.

La kwanza ni kufunga kila zana. Spana, nyundo, tochi, hata redio ya mkononi, iwe na kamba yake iliyofungwa kwenye mshipi au kwenye chuma kilicho imara. Na kamba hiyo iwe imetengenezwa kwa kazi hiyo, yenye kujulikana yaweza kushika uzito gani; si kamba ya kiatu, si waya wa simu. Zana nzito isifungwe kwenye mkono wa mtu, maana ikianguka itamvuta naye.

La pili ni kuhesabu. Katika chombo kizuri mtu hapandi na mfuko wa zana mpaka zimeandikwa kitabuni, kimoja kimoja. Akishuka, huhesabiwa tena. Zikipungua, kazi husimama hata kile kilichobaki juu kionekane. Niliona desturi hii mara ya kwanza katika chombo kimoja, nikadhani ni kutuona sisi wezi, na wenzangu wakanung'unika vivyo hivyo. Maana yake tuliielewa siku ile spana moja ilipokosekana jioni, wakapanda wenye taa, wakaikuta imelala juu ya boriti, ikingoja chombo kiyumbe. Chini yake ilikuwa njia ya kwendea jikoni.

La tatu ni kufunga mahali pa chini. Wakati watu wako juu, chini pazungushwe kamba na awekwe mtu wa kukataza. Watu wengi hufunga mahali padogo mno, kama kwamba kitu huanguka kwa mstari wa timazi. Sivyo. Kitu kinachoanguka kati ya vyuma hugonga boriti, kikaruka pembeni, kikagonga bomba, kikaruka tena. Mahali pa kufunga hupimwa kwa kimo cha kazi na kwa yaliyo katikati, na baharini huongezwa kwa ajili ya upepo na kuyumba.

La nne, ambalo mimi naliona kuwa kuu, ni kuvitembelea vitu vya juu kabla havijaanguka. Chombo kizuri kina kitabu chenye picha za kila kitu kilichofungwa juu: taa hii ina bolti nne, ina pini ya kuzuia nati isifunguke, tena ina mnyororo wa pili wa kuishika ikiwa bolti zote zitashindwa. Mkaguzi hupanda na kitabu, hulinganisha picha na kitu. Asipokuwa na picha, atajuaje kwamba pini imepotea? Jicho haliwezi kukosa kitu ambacho halikujua kwamba kilikuwapo. Na kitu kisicho na kazi tena, kama taa iliyokufa au bango la zamani, kiondolewe kabisa, maana kilichokwisha kushushwa hakianguki.

Kuna na mambo ya tabia. Kutupiana zana kutoka ngazi hata ngazi ni desturi ya vijana wenye haraka, nao huifanya zaidi wakitazamwa. Kupitisha mzigo juu ya vichwa vya watu ili kuokoa dakika tatu ni desturi ya wanyapara. Zote mbili hukoma mkubwa wa kazi akitaka zikome, wala sijaona mahali zilipokoma kwa matangazo ya ukutani.

Wazee wangu, nimesema habari za bahari, kwa kuwa ndizo nilizoagizwa. Lakini nilipokuwa nikitayarisha maneno haya nilikwenda Nyatike, nikasimama kwenye vinywa vya mashimo ya dhahabu, nami sikuweza kuja hapa nikanyamaza. Maana yale yote niliyoyaeleza juu ya mnara wa mita 45 yako kwetu, ila yamegeuzwa: mnara umeingia ardhini.

Mgodi mkubwa wa Macalder, uliotoa shaba na dhahabu, ulifungwa mwaka 1966. Tangu wakati huo watu wa Macalder, Osiri, Masara na pande nyingine wamekuwa wakichimba kwa mikono, kwa patasi, nyundo na ndoo. Shimo hushuka wima, upana wake ukimtosha mtu mmoja na ndoo yake. Juu wamesimama watu wawili wenye kamba. Pembeni mwa kinywa pamelundikwa mawe yaliyotolewa. Jiwe la kilo mbili likiteleza kwenye lundo hilo na kuingia katika shimo la mita 30, hufika chini kwa sekunde mbili na nusu, na hupiga kwa karibu juli 590. Hiyo ni mara 12 ya pigo ambalo kofia ile ya Ulaya hujaribiwa. Na wengi niliowaona hawana kofia yo yote.

Tena baharini yuko mtu wa kukataza, na mahali pa chini hufungwa kwa kamba. Katika shimo utafunga wapi? Aliye chini hana pembeni. Yuko kwenye tundu la bunduki.

Nilizungumza na wachimbaji wenyewe kwa muda mrefu, na wazee wa mashimo, na kina mama wanaosaga na kuosha mawe. Hawakuwa na haja ya kuambiwa kwamba ni hatari, walinihesabia majina. Walichotaka ni mambo ya kutendeka kwa fedha kidogo, nasi tukayatafuta pamoja. Lundo la mawe lisogezwe, lisikae karibu na kinywa. Hatua tano hazimgharimu mtu ila jasho. Kinywa kizungushwe mbao au magogo yaliyoinuka kutoka ardhini hata magotini, ili jiwe lililoteleza au mguu wa mtu uzuiwe. Ndoo isijazwe hata ukingoni, bali ibaki nafasi ya kiganja, kwa sababu jiwe la juu kabisa katika ndoo iliyojaa ndilo hurudi chini ndoo ikigonga ukuta. Mpini wa ndoo utazamwe kila asubuhi pale unaposhikana na ndoo, kwa maana ndoo nyingi ni za madukani, zilizofanywa kwa maji, si kwa mawe. Kamba ikatwe na kutupwa uzi wake ukianza kukatika, wala isifungwe fundo katikati na kuendelea. Patasi na nyundo zishushwe katika mfuko uliofungwa mdomo, kabla ya mtu kushuka, si baada yake wala pamoja naye.

Na jambo ambalo mzee mmoja wa shimo alinionyesha, nami nalisifu kuliko yote: chini kabisa, wachonge kichumba ubavuni mwa shimo, penye mwamba mzima, kiasi cha mtu kuingia na mabega yake. Ndoo ikianza kupanda, aliye chini huingia humo, hatoki mpaka asikie kamba imetikiswa mara mbili. Kwa njia hiyo amepata pembeni ambayo ardhi ilikuwa imemnyima. Mzee yule hakusoma kitabu cha Bahari ya Kaskazini. Aliniambia kwamba tangu walipoanza desturi hiyo vijana wengine huona uvivu kuingia, naye huwatoza faini ya ndoo moja ya mawe. Naona faini hiyo ni ya busara.

Sasa nafika kwenye sheria, na hapo ndipo tofauti ya bahari na Nyatike inauma.

Mtu aliyeajiriwa katika Kenya, awe bandarini, awe kwenye jengo, ana Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Akifa kwa ajali ya kazi, wategemezi wake wana haki ya malipo yanayohesabiwa kwa mshahara wa miezi 96, yaani miaka minane. Akipata kilema kisichopona, hesabu huanza hapo hapo na kufuata kadiri ya kilema. Lakini kuna saa inayohesabu. Madai yawasilishwe katika muda wa miezi 12. Mwajiri naye ana wajibu wa kuipasha habari ofisi ya usalama kazini; na ajali ikiua, habari hiyo yapasa ifike katika saa 24. Mahakama ya Upeo iliamua mwaka 2019 kwamba madai haya huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si mahakamani. Kwa hiyo mjane asiuze ng'ombe kumlipa wakili kabla hajaipeleka karatasi yake katika ofisi hiyo.

Wazee, naijua nyumba moja, wala sitaitaja, ambayo kijana wao alipigwa na kipande cha chuma akafa mbali na nyumbani. Mwajiri alileta jeneza zuri, na bahasha ya rambirambi, na magunia ya mchele. Wote walimsifu. Matanga yalikwisha, ukafuata mwaka wa kilimo, na ndugu wa marehemu wakawa wanabishana juu ya mambo ya mila ambayo sina ruhusa ya kuyahukumu. Aliposimama mtu kuuliza habari ya madai, miezi ilikuwa imepita 14. Bahasha ile ilikuwa na mshahara wa miezi miwili. Hesabuni wenyewe kati ya 2 na 96. Naomba neno hili liingie katika desturi zetu za msiba: siku ile ile tunapochagua kamati ya mazishi, achaguliwe na mtu mmoja wa karatasi.

Walioko Ghuba wako chini ya sheria za nchi zile na chini ya mkataba waliotia sahihi. Kwao nashauri jambo moja tu: nakala ya mkataba iachwe kwa katibu wa tawi kabla ya mtu kupanda ndege.

Lakini mchimbaji wa Osiri hana mkataba wala mshahara. Hulipwa kwa fungu la mawe. Mwenye shimo husema, mimi si mwajiri, sisi ni washirika. Na mwenye ardhi husema, mimi nilikodisha tu. Akifa, mjane wake hana mlango wa kubisha. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imewatambua wachimbaji wadogo na kuweka njia ya vibali na kamati katika kila kaunti, nalo ni jambo jema, kwa maana asiyetambuliwa hakaguliwi. Hata hivyo kibali hakizuii jiwe. Kwa mtu wa bahari, kinga ni mbili: kamba ya zana, na sheria nyuma yake. Kwa mtu wa shimo, kinga ni moja, nayo ni ile aliyoitengeneza kwa mikono yake asubuhi ile.

Kuna haki moja ambayo mtu wa bandarini na wa ujenzi anayo na wengi hawaijui. Sheria ile ya Usalama ya mwaka 2007 yasema kwamba mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, yampasa amwarifu msimamizi wake, na mwajiri asimlazimishe kurudi mahali pale hata hatari iondolewe. Najua yanayojibiwa: kibarua wa kutwa akikataa kupita chini ya mzigo leo, kesho hataitwa langoni. Ni kweli, nimeyaona. Ndiyo sababu nataka malalamiko ya namna hiyo yaandikwe na tawi kwa jina la Chama, si kwa jina la kijana mmoja.

Bwana Mwenyekiti, namaliza kwa mambo matatu ambayo nimekwisha kuyapeleka kwa Halmashauri kwa maandishi, nami naomba yapigiwe kura leo. Kwanza, tawi la Mombasa lifungue daftari la ajali, ambamo ajali ya mwanachama itaandikwa katika siku saba, pamoja na tarehe ya mwisho ya madai kwa wino mwekundu, na mtu wa karatasi aitwe kwa jina. Pili, itengwe sehemu moja ya kumi ya fungu la kusafirisha maiti, mwaka huu mmoja kwa kujaribu, kununua kofia, kamba, ndoo za chuma na mbao za vinywa vya mashimo katika Nyatike, na shimo lipewe vitu hivyo baada ya wazee wake kuonyesha kichumba cha ubavuni kimechongwa. Tatu, mwanachama aliyefanya kazi ya kuinua mizigo na amestaafu atoe siku mbili kwa mwaka kuwafundisha vijana kabla hawajaondoka. Jina langu liandikwe la kwanza.

Nimesikia kwamba wako wajumbe wanaopinga lile la pili, wakisema fedha ya maiti ni amana na haifai kuguswa kwa ajili ya walio hai. Mzee aliyetoa hoja hiyo yuko hapa mbele yangu, na ameitoa kwa nia njema. Nimemwomba Mwenyekiti ampe nafasi ya kusema kabla ya kura, nami nitamjibu kwa hesabu za miaka mitatu iliyopita ambazo Mweka Hazina amezileta mezani.